Kivinjari cha Maneno

Neno kuvinjari ni la zamani kuliko kompyuta. Watu wa pwani walilitumia kwa chombo kiendacho huku na huko baharini, kikizunguka na kutazama, pasipo haraka ya kutia nanga. Wataalamu wa lugha walipotafuta jina la programu itumiwayo kupitia kurasa za intaneti walilichukua neno hilo wakatupatia kivinjari, na kwa maoni yangu walichagua vyema. Msomaji, nataka kukueleza habari za kivinjari kimoja ambacho huenda hujapata kukisikia, ingawa kina umri mkubwa kuliko wewe. Hakionyeshi picha, hakichezi sinema, wala hakihitaji kipanya. Huonyesha maneno, na huendeshwa kwa vitufe vya kibodi peke yake. Jina lake ni Lynx.

Kilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, mwaka 1992. Lou Montulli, Michael Grobe na Charles Rezac walikitengeneza ili watu wa chuo kile wasome habari za chuo chao kwa mashine za siku zile, ambazo nyingi ziliweza kuonyesha herufi tu. Mwaka uliofuata kikafunzwa kusoma kurasa za mtandao mpya uliobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN, karibu na mji wa Geneva. Hakikuwa cha kwanza cha namna yake. Mwaka 1991 Nicola Pellow, aliyekuwa mwanafunzi, aliandika kivinjari ambacho kila kiungo kilitiwa namba, na msomaji alipotaka kufuata kiungo aliandika namba ile, basi. Jina la Lynx lina mzaha ndani yake: kwa masikio ya Mwingereza hulingana na neno lao la viungo, na papo hapo ni jina la mnyama wa jamii ya paka, jamaa wa simbamangu wa nyika zetu, asifiwaye kwa ukali wa macho. Kumpa mnyama mwenye macho makali kazi ya kivinjari kisichoonyesha picha ni jambo ambalo bado hunichekesha.

Mwaka 1993 kikatokea kivinjari kiitwacho Mosaic, kilichotia picha katikati ya maandishi, na ulimwengu ukakimbilia huko. Lynx hakikufa. Mtu mmoja, Thomas Dickey, amekitunza kwa miaka mingi, na toleo lake la 2.9.0 lilitolewa mwaka 2024. Vimekuwapo na ndugu zake: w3m, kazi ya Mjapani Akinori Ito, Links, kazi ya Mikuláš Patočka wa nchi ya Cheki, na ELinks kilichochipuka kutoka katika hicho cha Patočka. Kila kimoja kina tabia zake. Mimi nitasema zaidi juu ya Lynx, kwa sababu ndicho nikijuacho.

Huenda ukauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi? Mtaa wetu wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, una jina la mji wa mbali ulio kando ya ziwa, wala huku hatuna ziwa, tuna bahari. Ni mtaa wa nyumba zilizokaribiana, watu wengi na vichochoro vyembamba. Alfajiri mama auzaye mahamri na mbaazi hupokea malipo ya mteja kwa simu yake ndogo ya vitufe, ile tuiitayo kabambe. Akitaka kununua unga yeye mwenyewe, hubonyeza *334#. Orodha ya maneno yenye namba hutokea. Huchagua namba, huandika kiasi cha fedha, hutia namba yake ya siri, na fedha huenda. Hakuna picha hata moja katika shughuli hiyo, wala hakuna kipanya. M-PESA ilianza mwaka 2007, na tangu hapo mamilioni ya watu wa Kenya wamekuwa wakiendesha hazina zao kwa maneno na namba, bila ya mtu kuwaambia kwamba wanatumia chombo cha watu duni. Basi mama yule, laiti angekaa mbele ya kivinjari cha Nicola Pellow cha mwaka 1991, angekielewa kabla ya chai kupoa.

Liko na jambo la bando. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009, intaneti imekuwa ya kasi na nafuu kuliko ile ya setilaiti tuliyokuwa tukiitegemea zamani. Lakini nafuu ni neno la kupimwa kwa mfuko wa mnunuzi. Kijana wa mtaa huu hununua bando la siku, mara nyingine la saa moja, na saa hiyo ikipita, kilichobaki kimepotea. Sasa tufanye hesabu pamoja. Herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti moja. Maneno elfu moja, pamoja na nafasi zake, ni kama kilobaiti 7 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi yaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa maneno hayo elfu moja mara 400 na zaidi. Mwenye bando la megabaiti 20 atapata picha sita na kipande. Akiyachagua maneno, hata tukizidisha uzito wa ukurasa mara tano kwa ajili ya alama zinazoupanga, atapata kurasa zaidi ya 500 za maneno elfu moja moja. Kivinjari cha kawaida hushusha picha, matangazo na mapambo kabla hujasema unataka nini. Lynx hushusha maneno, na kama picha ipo huiacha huko iliko mpaka uitake mwenyewe.

Waswahili husema maneno matupu hayavunji mfupa. Ni kweli, lakini mtihani wa historia haukuulizi mifupa.

Sasa tukae mbele ya kibodi. Andika jina la programu kwa herufi ndogo, acha nafasi, kisha andika anwani ya ukurasa, na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukurasa utatokea, herufi juu ya ardhi nyeusi au nyeupe, na viungo vyake vimetofautishwa kwa rangi au kwa wino mzito. Mshale wa chini hukupeleka kwenye kiungo kinachofuata, wa juu hukurudisha kwenye kilichotangulia. Mshale wa kulia hukifuata kiungo, wa kushoto hukurejesha ulikotoka. Nafasi hugeuza ukurasa mbele, herufi b hugeuza nyuma. Mtu akijua haya tu anaweza kusoma siku nzima.

Lakini raha iko katika herufi. Bonyeza g, nayo itakuuliza unataka kwenda wapi. Bonyeza mkwaju, alama hii /, kisha andika neno, nayo italitafuta ndani ya ukurasa; ukitaka mahali pengine lilipotajwa, bonyeza n. Herufi a huweka alamisho ili urudi kesho, v hukuonyesha alamisho zako zote. Herufi l hukupangia orodha ya viungo vyote vya ukurasa, kama mtu aliyekung'utia gunia. Ukurasa ukikawia kufika na bando linayeyuka, z hukata safari hapo hapo. Kitufe cha kufutia nyuma, pasipo kufuta kitu, hukuletea orodha ya kurasa zote ulizopitia tangu ulipoanza. Na usisahau kwamba herufi kubwa na ndogo hazina maana moja: q ndogo hukuuliza kama kweli wataka kuondoka, Q kubwa huondoka bila kukuaga.

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walipoambiwa haya mara ya kwanza walinung'unika kwamba ni mengi ya kukariri. Niliwauliza wangapi kati yao wanajua kupiga chenga kumi za mpira na jina la kila moja. Baada ya juma moja hapakuwa na aliyekuwa akitazama karatasi niliyowabandikia ukutani. Mkono una kumbukumbu yake, na ukisha kujifunza haudai tena ruhusa ya kichwa.

Vitufe viwili napenda kuvisema peke yake, maana huwafaa wanafunzi kuliko vyote. Cha kwanza ni alama ya sawasawa, =. Ukiibonyeza, kivinjari huacha ukurasa kando na kukuambia habari zake: anwani yake kamili, kichwa chake, na kama imetajwa, tarehe uliporekebishwa mara ya mwisho. Mwanafunzi aniletea habari kwamba jambo fulani limetokea. Namwambia abonyeze alama ya sawasawa. Mara nyingi hurudi kimya, kwa kuwa ameona mwenyewe habari ile ilikotoka. Cha pili ni mkwaju uliolalia upande wa pili, \, ambao huuvua ukurasa nguo zake na kukuonyesha maandishi ya asili yaliyoujenga, alama kwa alama. Nimeona vijana wawili waliojifunza kuandika kurasa kwa njia hiyo tu, kwa kuzifungua za wengine na kuzitazama, kama fundi wa saa anavyojifunza kwa kufungua saa.

Iko na adabu moja ya Lynx ambayo sijaikuta kwingine. Tovuti nyingi hutaka kuweka ndani ya mashine yako vijitambulisho viitwavyo vidakuzi, ili zikutambue utakaporudi, na nyingine ili zikufuate uendako. Vivinjari vingi huvipokea kimya kimya. Lynx, kisipoamriwa vingine, husimama na kuuliza: tovuti hii yataka kuweka kitu hiki, je, nikubali? Nawe unajibu kwa herufi moja: Y ni ndiyo, N ni siyo, A ni siku zote, V ni katu. Darasa langu lilipofungua ukurasa mmoja wa magazeti tukaulizwa mara nyingi mfululizo hata msichana aliyeshika kibodi akauliza, "Mwalimu, hawa watu wote wanataka nini kwetu?" Sikulijibu swali lake kwa haraka, tulilitolea kipindi kizima. Na cha ajabu ni kwamba aliyebuni vidakuzi mwaka 1994 ni Lou Montulli yule yule, mmoja wa waliokitengeneza Lynx.

Herufi o hufungua ukurasa wa machaguo, na humo mna jambo lililonifurahisha mimi niliyefunzwa ualimu. Kivinjari humtaka mtu aseme yu daraja gani: mgeni, wa kati, au mjuzi. Mgeni hupewa mistari miwili ya msaada chini ya skrini kila wakati. Mjuzi huondolewa msaada ule, na mahali pake huonyeshwa anwani ya kiungo alichosimamia. Humo humo waweza kuamuru kila kiungo kitiwe namba, kama alivyofanya Pellow, na tangu hapo uwe unaandika namba badala ya kuhesabu mishale. Wanafunzi wangu wote hupenda namba. Wasema ni kama M-PESA.

Mambo mapya hayakukoma. Kivinjari kilichoanza na herufi za Kizungu tu sasa kinasoma maandishi ya lugha nyingi za dunia, Kiarabu na Kichina zikiwamo, ikiwa mashine yenyewe ina herufi hizo. Kimejifunza kusoma kurasa zilizofungwa kwa ufunguo wa siri ili mpita njia asizipeleleze, na matoleo ya karibuni yaweza kukunjua kurasa zilizobanwa kwa mbinu mpya ili zisafiri zikiwa nyepesi. ELinks hufungua kurasa kadhaa katika vichupo. Bonyeza t upate kichupo kipya, c ukifunge. Kwa mwenye simu ya Android iko programu iitwayo Termux ambayo ndani yake Lynx husakiniwa na kuendeshwa; vidole huchoka upesi kwenye kibodi ya kioo, lakini kazi hufanyika. Na mwaka 2018 kilitokea kivinjari kiitwacho Browsh, ambacho huitia Firefox kazi nyuma ya pazia na kukuletea mbele maandishi na vijisanduku vya rangi badala ya picha. Firefox ile yaweza kukaa kwenye mashine ya mbali yenye intaneti nene, wewe ukapokea mabaki mepesi.

Amri iliyotufaa kupita zote haina kitufe. Huandikwa kabla ya kufungua kivinjari: jina la programu, kisha -dump, kisha anwani, kisha alama ya > na jina la faili. Lynx hakifungui chochote mbele ya macho yako. Huuchukua ukurasa, huuvua kila kitu isipokuwa maneno, huyamimina katika faili, na mwishoni hupanga anwani za viungo vyote kwa namba. Jioni moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne tulichukua kwa njia hiyo makala arobaini na tatu za historia na jiografia, nyingi kutoka Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Bando lilikuwa la mtu mmoja. Faili zikatiwa katika kijiti cha kuhifadhia, kikapita mkono hata mkono katika nyumba ambazo zina kompyuta kuukuu au jirani mwenye kompyuta kuukuu, na makala zile zikasomwa na watu ambao siku ile hawakuwa na hata shilingi ya bando. Nyumba moja ya kuchapia karibu na barabara ilitutolea nakala kwa karatasi, pande mbili, herufi ndogo, na nakala hizo niliziona zimefungiwa sambusa muda mrefu baada ya mtihani kwisha.

Nisikudanganye, msomaji. Kurasa nyingi za leo zimejengwa kwa lugha ya JavaScript, ambayo Lynx hakiielewi. Ukizifungua utakuta skrini tupu, au sentensi moja inayokuagiza uwashe kitu ambacho kivinjari chako hakina. Usitarajie humo ramani ya kusogezwa kwa kidole, wala somo la video. Yuko mwalimu mwenzangu asemaye kwamba kuwafunza vijana chombo hiki ni kuwafunza kupanda punda katika zama za ndege. Namheshimu, ila nimewaona punda wengi Lamu, na sijaona ndege iingiayo vichochoro vya Lamu.

Tena yuko mtu mmoja ambaye kwake habari hii si ya bei ya bando hata kidogo. Jirani yetu ana kijana asiyeona tangu utotoni, aliyesoma kwa nukta nundu, maandishi yale ya kupapasa aliyoyabuni Louis Braille nchini Ufaransa mwaka 1824 akiwa angali mtoto wa miaka kumi na mitano. Mashine za kugeuza maneno ya kompyuta kuwa nukta nundu ni ghali mno. Lakini iko programu ya bure iitwayo eSpeak, isomayo maandishi kwa sauti, na miongoni mwa lugha zake kimo Kiswahili. Sauti yake ni ya chuma na matamshi yake ni ya mgeni aliyeshuka bandarini jana, ila huyasema maneno yote bila kuruka.

Kijana huyo alikuja shuleni kwetu siku za Jumamosi, chumba kikiwa kitupu. Alikaa, akatafuta kwa vidole vya shahada vile vituta vidogo vilivyo juu ya F na J. Kama wewe una macho huenda hujapata kuvigusa kwa makusudi. Wavikute sasa hivi, vipo. Kutoka hapo alijua kila herufi iliko. Kipanya kwake ni jiwe: kishale chake hutembea mahali ambapo jicho tu huweza kukifuata. Kitufe hakihami. Herufi g ilikuwa hapo jana, iko hapo leo, na itajibu vile vile. Nilimsomea amri zote mara mbili. Jumamosi ya pili alikuwa akienda kasi kuliko mimi, na sauti ya eSpeak ameiharakisha hata mimi nisisikie ila mlio kama wa nyuki.

Wakati huo chama cha historia shuleni kilikuwa kimeandika kurasa zake juu ya magofu ya Gede, yaliyo msituni si mbali na Watamu, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948 na UNESCO ikayaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024. Wanafunzi walikwenda, wakapiga picha kwa simu, wakaandika maelezo, wakazipanga kurasa katika kompyuta ya shule. Waliona fahari, nami niliona fahari. Lynx hufungua faili zilizo ndani ya mashine bila intaneti yoyote, basi wakamwalika kijana yule awe msomaji wao wa kwanza kutoka nje.

Akabonyeza mshale. Sauti ikasoma kichwa cha habari, ikasoma sentensi mbili, kisha ikasema: "I, M, G, sifuri, nne, moja, saba." Akasimama. Akabonyeza tena. "I, M, G, sifuri, nne, mbili, sifuri." Akaugeuza uso wake upande wetu.

"Shikamoo tena, Mwalimu," akasema. "Huku Gede kumbe kuna magari? Maana nasomewa namba zake."

Watoto walicheka, kisha wakanyamaza, maana walikuwa wameelewa. Mahali pa picha pasipo na maneno, Lynx huandika jina la faili katika mabano, na jina la faili ni lile lililopewa na simu. Katika lugha ya kujengea kurasa iko nafasi iitwayo alt, ambayo mwandishi hutia maneno ya kusimama mahali pa picha. Nafasi ile hawakuiweka katika picha yao hata moja, kurasa zao zikawa kama dema lililotoka majini bila samaki. Wala si wao peke yao. Tembelea kurasa za watu wazima, wenye vyeo na mishahara, uone idadi ya mabano.

Wakaketi kuandika. Wa kwanza aliandika "picha ya Gede". Kijana akasema hayo alikwisha kuyajua. Wa pili, mwenye kupenda ufasaha, aliandika mstari mzima juu ya magofu ya kupendeza ajabu yenye kuliwaza moyo. "Yanapendeza vipi?" akauliza kijana, wala hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua kweli. Yule mfasaha akafungua mdomo na kuufunga. Niliona katika dakika ile somo la insha ambalo nimekuwa nikilifundisha kwa miaka mingi kwa chaki likifundishwa na mtu mwingine kwa maneno mawili.

Msichana aliyekuwa ameuliza habari za vidakuzi akachukua kibodi. Chini ya picha ya kaburi maarufu aliandika: "Kaburi la mawe ya matumbawe na chokaa. Limechorwa maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399." Kijana akairudia kwa mshale wa juu, akaisikiliza mara ya pili. Akauliza kama matumbawe ni yale yale ya baharini ambayo huchoma miguu. Akaambiwa ndiyo, yale yale, yakakatwa yakakauka. Akasema basi anaijua ngozi ya ukuta ule.

Wakaja kwenye picha ya nguzo iliyo juu ya kaburi jingine, nguzo yenye mifereji kutoka juu hadi chini. Msichana akaandika kwamba ni ndefu. Sauti ya chuma ikasoma, "Nguzo ndefu." Kijana akainuka kitini, akanyosha mkono juu ya kichwa chake.

"Yanifika wapi?" akauliza. "Hapa, au kupita hapa?"

Walikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wote wameisimamia kaburi hilo, wote wameipiga picha nguzo ile, na hapana aliyeweza kumjibu. Wakaitazama picha katika simu. Haikuwa na mtu kando yake wa kulinganisha. Mmoja akasema tutarudi Jumamosi na kamba. Mwingine akasema kamba haifai, nani atakayeruhusiwa kupanda kaburi? Heri tupime kivuli cha nguzo na kivuli cha fimbo yenye urefu tuujuao, tufanye hesabu ya uwiano. Wa tatu akasema kule msituni kivuli cha nguzo kitapotea ndani ya vivuli vya miti. Niliwaacha wakibishana, kijana yule katikati yao akiwa na fimbo yake ya kutembelea, ambayo walikuwa wamekwisha kumwomba waipime.